Shingo ya Mama Clotilde

Katika kwaya yetu hapa Likasi, hakuna sauti kama ya Mama Clotilde. Ninajivuna nayo kama vile ni yangu! Lakini mwaka huu shingo yake ilivimba, na sauti ikawa nzito. Sikukuu ya parokia ilikuwa mbele, na wimbo mkubwa huanzishwa na yeye.

Bwana yake, Symphorien, anaendesha lori la mawe ya chokaa kule Kakontwe. Siku moja alirudi na chupa ya vidonge, kifua mbele.

"Seleniamu! Kwenye telefone banasema tezi ya shingo inaipenda. Kunywa mingi, utapona mbio!"

Chupa ilisema kidonge kimoja kwa siku. Clotilde alikunywa zaidi. Baada ya wiki kadhaa nywele zikabaki kwenye kichanuo, kucha zikavunjika. Na shingo? Ile ile. Clotilde akalia.

"Miye siimbi tena. Bamupe mwingine wimbo."

"Ee! Nani akupokonye wimbo wako?" alisema Mama Hortense, jirani yao, muuguzi, aliyesikia kilio akaingia. Alisoma chupa.

"Papa Symphorien, haukudanganya. Tezi inatengeneza homoni, zinazoupa mwili nguvu. Seleniamu ni madini, inasaidia homoni zifanye kazi, na inalinda tezi. Lakini kuzitengeneza kunataka madini mengine: iodini. Weye umeleta mboga tu. Bukari, ugali wenyewe, iko wapi?"

"Na seleniamu ikizidi?" akauliza Clotilde.

"Ni sumu. Angalia nywele! Na kama iodini inakosa, seleniamu peke yake inaweza kuharibu zaidi. Acheni vidonge. Kesho hospitali, bapime damu."

Symphorien akaifunga chupa bila kujisifu. Jamani, si desturi yake!

Vipimo vya damu vilionyesha tezi haitoi homoni za kutosha. Daktari akampa Clotilde dawa ya tezi. Hortense naye akaingia jikoni.

"Chumvi hii ni ya gunia, haina iodini. Tena iko wazi karibu na moto; hata ingekuwa nayo, ingepotea! Nunua ya paketi iliyoandikwa iodini, uifunge vizuri. Seleniamu utaipata kwenye samaki, mayai na nyama."

Miezi ikapita. Siku ya sikukuu, uvimbe ulikuwa umepungua, nywele zimeota. Clotilde akafungua kinywa. Lo! Sauti ilijaa kanisa lote, nami machozi yakanitoka.

Nyuma, Symphorien akasimama juu ya benchi.

"Ule ni bibi yangu!"

"Tunamujua," akasema Hortense. "Kaa chini, tumusikie."