Dirisha Lililozibwa kwa Udongo

Mwezi wa sita, Ufipa ni baridi. Asubuhi maji ya ndoo huuma vidole, na upepo hauna huruma na mtu. Ndiyo maana kule kijijini Msanzi watu hulipenda jiko kuliko sebule. Hupika humo, huota moto humo, na mgeni akija hukaribishwa humo humo.

Jiko la Bibi Bertilla lilikuwa kibanda cha matofali chenye mlango mmoja. Juu ya mafiga yalining'inia mahindi ya mbegu, meusi kwa masizi. Bibi aliyatundika pale ili moshi uwafukuze wadudu. Zamani jiko lile lilikuwa na dirisha, lakini lilizibwa. Sababu yake inauma kuisimulia.

Bibi Bertilla aliishi na mwanawe Romani na mkwewe Otilia. Miaka mitatu iliyopita, Otilia alijifungua mtoto wa kwanza, Steven. Kwa desturi ya nyumba ile, mama na mtoto walikaa jikoni karibu na moto. Steven alikufa kabla hajajua kukaa. Alikufa kwa kichomi, ugonjwa wa mapafu ambao wengine huuita nimonia. Bibi akasema baridi ndiyo iliyomuua, na ilipitia dirishani. Siku chache baada ya mazishi, Romani aliliziba dirisha kwa matofali na udongo.

Walifanya hivyo kwa upendo, siwacheki. Usilolijua ni usiku wa giza.

Mwaka huu Otilia alipata mtoto mwingine, Raymond. Safari hii Bibi hakutaka mchezo. Alitundika gunia mlangoni. Moto uliwaka mchana kutwa, na mara nyingi kuni zilikuwa mbichi. Otilia alipika maharage huku Raymond akiwa mgongoni. Macho ya Bibi yalikuwa mekundu kila siku, naye alikohoa hadi akashika mbavu. Alisema ni uzee tu.

Raymond alipofika miezi mitatu, alianza kukohoa. Bibi aliongeza kuni. Siku ya pili mtoto alipumua haraka haraka, na Bibi akaongeza kuni tena. Siku ya tatu Raymond alikataa kunyonya. Kila alipovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua chake ilibonyea ndani. Otilia aliona. Aliwahi kuiona pumzi ile kwa Steven.

Hakumwomba mtu ruhusa. Alimfunika mtoto, akamwita Romani, wakapanda bodaboda hadi zahanati.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Tuntufye, mama mpole aliyehamia kutoka Mbeya. Alimfunua Raymond kifua, akatazama saa, akahesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Zilikuwa sitini na nane. Aliwaeleza kwamba mtoto wa umri ule akifikisha pumzi hamsini kwa dakika, huo ni ugonjwa. Kifua kikibonyea, ni hatari. Alimchoma sindano ya kwanza, kisha wakapelekwa hospitali Sumbawanga mjini. Raymond alilala huko siku sita, akisaidiwa kupumua kwa hewa ya mtungi. Otilia hakula kitu siku mbili za kwanza.

Mungu ni mwema, mtoto alipona.

Wiki iliyofuata Tuntufye aliwatembelea nyumbani. Alimwamkia Bibi shikamoo, akakaribishwa jikoni. Hakukaa hata dakika tano. Alitoka akifuta machozi, akaomba kitambaa cheupe. Alikipitisha kwenye ukuta wa jiko mara moja tu, akamwonyesha Bibi. Kilikuwa cheusi tii.

"Mama, masizi haya hayabaki ukutani peke yake," alisema. "Mtoto anayavuta. Moshi unaumiza mapafu yake, na ugonjwa ukija unamkuta hana nguvu. Na wewe, hicho kikohozi chako na hayo macho si uzee tu."

Bibi hakupendezwa. Alijibu kwamba amelea watoto saba katika moshi ule.

Tuntufye aliuliza kwa sauti ya chini, "Wako hai wangapi, mama?"

Bibi alihesabu kwa vidole. "Wanne," alisema.

Kisha Bibi akauliza swali ambalo Otilia alikuwa analiogopa. "Na Steven? Ni mimi niliyemuua?"

Tuntufye alimshika mkono. "Sikuwepo, mama. Kichomi kina sababu nyingi, na hakuna anayeweza kukuambia kwa hakika. Ulimpenda, ukampeleka kwenye joto. Lakini Raymond yupo hapa. Huyu tunaweza kumlinda."

Bibi alilia, akijifuta kwa upande wa kanga. Kisha aliinuka, akachukua jembe nyuma ya mlango, akaenda nje ya jiko. Alilipiga dirisha lile mwenyewe. Romani alitaka kumpokea jembe, naye akamkataza. Udongo ulianguka, tofali la kwanza likaanguka, na moshi ukatoka.

Tuntufye aliwafundisha mengine taratibu. Joto la mtoto ni kifua cha mama yake, kofia, soksi na blanketi, ndani ya nyumba isiyo na moshi. Aliwaonya wasiingize jiko la mkaa chumbani, maana mkaa hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka, na watu hulala wasiamke. Romani alijenga jiko la udongo lenye bomba la kupitisha moshi juu ya paa. Alianza kupasua kuni mapema na kuzianika zikauke. Otilia aliloweka maharage tangu jana yake, yakaiva kwa kuni chache.

Kuhusu mbegu zilizokuwa zikilindwa na moshi, Bibi alibisha kidogo, maana mbegu ni uhai wa mwaka mzima. Mwishowe walizianika juani zikakauka kabisa, wakazipukuchua na kuzifunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mwezi ulipita, Bibi akafungua mfuko mmoja, akachungulia. Hakukuta mdudu. Alifunga mfuko, na Romani akacheka pembeni.

Kikohozi cha Bibi kilipungua, ingawa hakikuisha. Raymond aliongezeka uzito kila alipopelekwa kliniki.

Mwezi wa nane, mkwe wa Emerensiana, jirani yao, alijifungua. Bibi Bertilla alienda kuwapongeza, na unga wa ulezi mkononi. Aliwakuta mama na mtoto jikoni, pamoja na Emerensiana. Mlango ulikuwa umefungwa, na moshi ulikuwa mzito.

"Mtoeni mtoto humu," alisema.

Emerensiana alishangaa. "Baridi yote hii, dada?"

"Na mimi nilisema hivyo hivyo. Nikamzika Steven, nikaziba dirisha, nikakaribia kumzika na mdogo wake. Mimi sikuwa na mtu wa kuniambia. Wewe nimekuambia."

Emerensiana alimtazama machoni. Kisha aliinama, akamchukua mjukuu wake na kumtoa nje.