Rubani Anayetafuta Kiti

Fundi Abasi wa saa, pale Tabora mjini, alikuwa na mdomo mchafu. Umpelekee saa aliyokuachia babu yako, ataitazama kwa lenzi yake ya jichoni, kisha aitemee maneno makali. Watu walimvumilia kwa sababu ya mikono yake. Mimi nisingemvumilia hata dakika moja.

Jumamosi moja mchana, Mwalimu Octavian wa Ipuli alimletea boksi lenye ndege ya kivita ya plastiki, ya kuunganisha kwa gundi, mfano mdogo wa jeti za kwanza, za mwisho wa vita vya pili vya dunia. Alilikuta kwenye vitu vya marehemu kaka yake. Alitaka kujua kama vipande vimetimia, ili wanafunzi wake waiunde.

"Niachie, mwalimu," alisema Abasi. "Lakini usiote ndoto."

Octavian akaelekea sokoni. Sikuzani, mke wa Abasi, alikuwa ameleta ugali, akaketi kwenye kigoda cha wateja, kiti pekee kilichokuwa wazi, akimsubiri mumewe ale.

Abasi akamwaga vipande mezani. "Mbawa zimepinda. Mkia umejaa mabaki ya plastiki ya kiwandani. Kioo kina ukungu. Na kiti cha rubani, hebu tazama! Hakimtoshi hata mende."

"Na rubani mwenyewe yuko wapi?" Sikuzani aliuliza.

Kwenye karatasi ya maelezo rubani alikuwa amechorwa. Kwenye fremu ya plastiki inayoshika vipande, mahali pake palikuwa patupu, na kishina alipokatwa kilikuwa cha moto. Abasi alikigusa, akaungua, akanyonya kidole.

"Katoroka. Nani angekubali kupanda upuuzi huu?"

Harufu ya mafuta ya taa ikajaa kibandani. Mluzi mwembamba, kama wa injini ya jeti, ukaanza, ukapanda. Kisha sauti ya kiume, ya adabu kabisa: "Shikamoo, fundi."

Abasi hakuinua kichwa. Mchana kutwa watu humwamkia kutoka barabarani. "Marahaba," akajibu. "Karibu kiti."

Mlangoni hapakuwa na mtu.

Mluzi ukakatika, na katika kimya kile Abasi akasikia sahani ikianguka, akageuka na kumwona mkewe amenyooka pale kigodani, mikono mbele kama ameshika usukani, macho yamekodoka yakitazama mbali, na kutoka katika kinywa kile alichokijua miaka ishirini ikatoka sauti ileile ya kiume.

"Asante. Hiki kinanitosha."

Jioni Bi Kabula, mganga, aliletwa kwa bajaji na ubani wake. Aliposimuliwa, akashika kichwa.

"Ewe mjinga! Mtu anayepandwa na jini, sisi waganga tunamwitaje?"

"Kiti," Abasi alinong'ona.

"Haya! Ukamkaribisha kiti, na mkeo ndiye aliyekuwa mbele yako!"

"Nilidhani mteja, mama. Wallahi nilidhani mteja."

"Mpe kiti kingine, kwa hiari. Jua likizama kabla hajatoka, hatoki tena."

Hata mimi nisiyempenda nakiri kwamba Abasi hakusita. Alipiga magoti mbele ya Sikuzani, machozi yanamtiririka, akajipiga kifua. "Muache mke wangu. Njoo kwangu. Karibu kiti."

Mkono wa Sikuzani ukaokota lenzi mezani, ukaiweka jichoni, na yule aliyekuwa ndani yake akainama taratibu, akampitia Abasi usoni, shingoni, vidoleni, akamgeuzageuza kidevu, akamnusa, huku ile harufu ya mafuta ya taa ikimkaba mpaka akashindwa kupumua.

"Macho yamechoka," ikasema sauti. "Vidole vinatetemeka. Moyo mdogo, na umeingia kutu. Miaka ishirini hujamwambia mwanamke huyu neno moja jema. Amenihadithia yote humu ndani. Hapana, fundi. Wewe hukaliki."

Bi Kabula akaanza kufunga ubani wake, hata nauli hakudai. Nje jua lilikuwa linazama nyuma ya stesheni.

Lenzi ikaanguka. Sikuzani akapepesa macho, akamwona mumewe chini, na sauti yake mwenyewe ikarudi, ya upole, ya kila siku.

"Baba, mbona unalia? Kuna nini?"

Abasi akafumbua mdomo amweleze. Midomo ya mkewe ikasogea tena, na ile sauti ya kiume ikamtangulia.

"Tumwambie, fundi?"