Sala Iliyosomwa Kinyumenyume

Jua likizama, Bi Chapa alipitia kanisani kuchukua karatasi yake ya mwisho ya kunakili. Jina hilo lilimganda tangu enzi za kupiga chapa maofisini, na tangu afiwe na mumewe hakuna aliyemwita vingine. Kunakili sala za kale alijitolea, wala si kwa uchaji mwingi. Nyumba yake ilikuwa kimya mno. Wachungaji waliokufa zamani angalau walikuwa na la kumwambia.

"Mwandiko huu umenishinda, mama," alisema binti mtunza nyaraka. "Ni ile sala ya nyumba yenye msiba."

"Naijua, mwanangu. Ilisomwa kwangu."

Ilisomwa siku ya mazishi, sebuleni, watu wakaitikia amina, wakanywa chai, wakaenda zao.

Nyumbani aliinjika birika, akawasha taa, akaketi mezani kupiga chapa. Mwandiko ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino, lakini aliumudu. Kisha akahakiki kama alivyofundishwa ujanani: kwa sauti, kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Ukisoma kwa mpangilio, macho huona yanachokitegemea na kosa likapita.

"Amina... asiingie... kuingia... asiyewahi... na... asirudi... aliyetoka... ufungwe... huu... mlango."

Komeo la mlango wa nyuma likalia.

Harufu ya udongo mbichi ikaingia, na mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi. Kisha nyayo ukumbini. Taratibu. Sawasawa. Nyuma yake, kiti cha marehemu kikalalamika kama zamani alipokuwa akikikalia.

Bi Chapa hakugeuka. Kabla ya hofu ilimjia furaha, tena furaha ya kumtia aibu.

"Ni wewe?" akanong'ona.

"Ni mimi, Bi Chapa."

Sauti ilikuwa yake kabisa. Machozi yakamtoka.

"Umekawia, baba wewe! Bomba linavuja, paa linavuja, na mimi hapa nazungumza na birika." Alikuwa akilia na kucheka pamoja, huku akimimina chai kwenye kikombe cha pili. Akanyoosha mkono kuchukua sukari.

Mkono ukaganda hewani.

Mumewe alikuwa akichechemea. Nyayo zile hazikuchechemea...

Na hakuwahi hata siku moja kumwita Bi Chapa. Alimwita mwenzangu.

Polepole akaiangalia karatasi, safari hii kwa mpangilio wake: *Mlango huu ufungwe. Aliyetoka asirudi, na asiyewahi kuingia asiingie. Amina.* Sala ilikuwa imewazuia wawili. Yeye, kwa ubingwa wake wa kuhakiki, alikuwa amewafungulia wote.

Nyuma yake kitu kilivuta pumzi ndefu. Harufu ya udongo ikamfika shingoni.

Dawa ilikuwa mkononi mwake. Angeisoma mara moja tu, inavyopaswa, na yote yangekwisha. Akajikaza.

"Mlango huu..."

Ndipo akasikia kibarazani. Hatua moja nzito, moja ya kuburuta. Nzito... ya kuburuta. Halafu kikohozi kile kikavu alichokilalamikia usiku kucha miaka yote ya ndoa, na ambacho angetoa chochote akisikie tena.

"Mwenzangu," sauti ikaita nje, kwa uchovu. "Nifungulie."

"Usifungue," kiti kikanong'ona.

Bi Chapa alisimama na karatasi mkononi. Akiisoma, huyu wa kwenye kiti angeondoka. Na yule wa kibarazani pia, safari hii akifukuzwa na sauti ya mkewe mwenyewe, si ya mchungaji. Kesho angeamka na birika lake. Keshokutwa vilevile. Aliogopa kilichokuwa nyuma yake, lakini kesho hiyo aliiogopa zaidi.

Akaifunika karatasi kwa birika la moto. Akatoa kikombe cha tatu.

"Karibuni," akasema, neno ambalo lilikuwa limeshaanza kumpotea mdomoni, akaenda kufungua.

Mkono wake ulipogusa kitasa, nyuma yake kiti kikalia tena, kama kinavyolia mtu anapoinuka.