Nyumba ya Jumapili

Tegua hiki, wewe uliyeshika karatasi hii: nimenunua kimoja, nikabebeshwa mia. Ni nini? Usikimbilie jibu. Ukishindwa utanipa mji, na mimi mji sipokei hivi hivi. Nautazama kwanza.

Mpishi naye alitegwa hicho hicho, na aliyemtega ni mama yake mzazi.

Ilikuwa Jumatatu, siku yake ya mapumziko. Siku nyingine hupika katika hoteli kubwa. Siku hiyo alikuwa nyumbani, anamenya vitunguu. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Nyumba yao ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili tu. Mama alikuja kuwatembelea kutoka kwa dada yake Mpishi, akalazwa chumba kimoja na marobota ya vitambaa.

"Mama, tumepata nyumba ya kununua," Mpishi alisema. "Mtaa wa wenye nazo! Geti jeusi, vigae vyekundu, bustani mbele. Kule hata mbwa wana adabu."

"Wana adabu kwa sababu wameshiba," mkewe alisema, uzi ukiwa mdomoni.

"Tukihamia, mama, utakuja kukaa nasi? Moja kwa moja?"

Kwa Mpishi hilo ndilo lilikuwa jambo kubwa. Miaka kumi na miwili yeye na mkewe walijinyima ili mama apate chumba chake.  Lakini mama alikunja kanga yake taratibu.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Nimenunua kimoja, nikabebeshwa mia."

"Kiberiti!"

"Njiti umezinunua mwenyewe."

"Mbwa mwenye viroboto," mkewe alisema.

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Umekaribia, binti yangu. Lakini sicho."

"Basi nimeshindwa," Mpishi alisema. "Nakupa mji. Nakupa mtaa ule wa geti jeusi."

"Mji huo sijauona. Jibu nakaa nalo."

"Hodi!" sauti iliita mlangoni. Alikuwa jirani yao, mfanyakazi wa idara ya maji. Kila siku hutembea mtaa kwa mtaa akisoma mita za watu. Ndiyo maana wote walimwita Msoma Mita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia usikie. Mwenzenu anahamia kwa matajiri."

Mpishi alimweleza habari yote. Msoma Mita alisikiliza, kisha akauliza, "Nyumba mmeiona mara ngapi?"

"Mara tatu. Dalali alitupeleka kwa gari lake. Kila Jumapili saa tisa alasiri."

"Mara zote tatu Jumapili saa tisa?"

"Ndiyo nafasi yake."

"Basi jirani, mmeiona mara moja, mkairudia mara mbili." Msoma Mita alivuta kigoda akaketi. "Wewe ni mpishi. Samaki unamnunua kwa kumtazama upande mmoja?"

"Thubutu! Namgeuza. Namfunua mashavu. Namnusa."

"Na mtaa ugeuzwe vivyo hivyo. Jumapili kila mtaa umevaa nguo zake za kutokea. Nendeni siku ya kazi, asubuhi. Nendeni mvua ikinyesha. Nendeni kwa miguu, maana kwenye gari huoni shimo, unasikia tu mtikiso."

"Lakini Ijumaa tunaweka sahihi na kulipa malipo ya mwanzo. Tukishalipa, hayarudi. Na dalali anasema wapo wengine wanaoitaka."

"Dalali gani alishakosa hao wengine? Kesho ni Jumanne, na mimi nasoma mita mtaa huo huo. Twendeni sote."

Mpishi aliomba ruhusa kazini. Alfajiri mvua ilinyesha. Ilipokatika, waliondoka. Walishuka kituo cha basi wakaanza kutembea. Barabara ilikuwa safi, lakini haikuwa na njia ya waenda kwa miguu. Magari yaliwapita karibu, wakawa wanajibana ukutani. Walitembea dakika thelathini na tano. Mama alipumzika mara nne.

"Wewe unaingia kazini saa ngapi?" Msoma Mita alimuuliza Mpishi.

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Basi la kwanza la huku ni saa kumi na mbili."

Mpishi alihesabu saa kwa vidole. Jambo hilo hakuwahi kulifikiria.

Penye kizuizi cha kuingilia mtaani palikuwa na kibao cha chama cha wakazi. Mkewe alikisoma kwa sauti, neno kwa neno. Kila nyumba ilipie ulinzi na barabara kila mwezi. Biashara hairuhusiwi majumbani.

"Kaka," alimuuliza mlinzi, "cherehani moja nayo ni biashara?"

"Dada yangu, mwaka jana alikuwepo mama anayepamba keki. Aliambiwa aache au ahame."

Mkewe alitazama vidole vyake. Sare zile ndizo zilizonunua nusu ya ndoto yao.

"Si ubaya wao," Msoma Mita alisema kwa upole. "Wanapenda utulivu, na wamekubaliana. Lakini kanuni husomwa kabla ya sahihi, si baada yake. Na malipo ya kila mwezi huulizwa mapema."

Walifika kwenye geti jeusi. Nyumba ilikuwa mwisho wa mteremko. Maji ya mvua yalikuwa bado yanatiririka kutoka mitaa ya juu, yanaingia chini ya geti bila hodi. Mama aliusogelea ukuta.

"Huyu aliyepaka rangi alichoka?" aliuliza. "Chini mpya, juu ya zamani. Imeishia magotini."

Msoma Mita alibonyeza ukuta kwa kidole. Plasta ilimomonyoka, mbichi. "Maji hufika hapa kila masika. Rangi imefunika alama."

Mpishi alilitazama lile geti. Bado lilikuwa zuri. Alimpigia dalali simu palepale.

"Ah, bosi, maji kidogo tu!" dalali alisema. "Mvua hainyeshi kila siku."

"Na mimi sitaishi humo Jumapili tu," Mpishi alijibu. Ijumaa hawakuweka sahihi.

Mama alirudi kwa binti yake bila kulijibu lile swali la kukaa nao. Mpishi na mkewe walitafuta miezi minne. Mwishowe waliona nyumba juu ya kilima yalikotoka maji yale, katika mtaa mwingine mzuri. Ilikuwa ndogo, na geti lake lilikuwa na kutu.

"Kutu?" Mpishi alisita.

"Geti hupakwa rangi, mume wangu. Kilima hakihamishwi."

Safari hii waliigeuza kama samaki. Walikwenda alfajiri, mchana na jioni. Walikwenda mvua ikinyesha. Waliwauliza majirani, si muuzaji: maji hutoka siku ngapi? Nani husafisha mifereji? Takataka huchukuliwa lini? Walisoma kanuni. Kushona kuliruhusiwa, mradi asitundike bango nje. Basi la kwanza lilipita saa kumi alfajiri, mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni. Kisha walikwenda ofisi ya ardhi wenyewe kukagua hati. Muuzaji ndiye mwenye nyumba kweli, na nyumba haikuwa na mkopo wala kesi. Hapo ndipo walipoweka sahihi.

Masika ilipokuja, Mpishi alipita kwa miguu kule bondeni. Magodoro yalikuwa yameanikwa juu ya geti jeusi. Hakucheka. Alimwonea huruma aliyenunua Jumapili.

Wiki hiyo mama alikuja. Alitaka kuutazama mji kwanza. Siku ya kwanza alikwenda dukani peke yake akarudi bila kupumzika hata mara moja. Siku ya pili alikwenda tena, na jirani akambebea kikapu mpaka mlangoni. Siku ya tatu mvua ilinyesha. Alisimama barazani, akatazama maji yakipita kwenye mfereji yakaenda zake. Ndani cherehani ilikuwa inanguruma. Mpishi alikuwa anamenya vitunguu.

"Mwanangu," mama alisema, "ulinipa mji nikaukataa."

"Na huu je?"

"Huu nimeupokea. Jibu ni nyumba. Ukinunua moja unabebeshwa mia: maji yake, njia yake, kanuni zake na watu wake."

Mpishi aliweka kisu chini. "Na lile swali langu, mama?"

"Aliyepewa mji hukaa wapi? Mwambie dada yako alete kitanda changu."