Tangazo la Tatu la Dolphine

Naapa kwa pensheni yangu ya reli, ambayo ni ndogo lakini kila mwezi inafika, kwamba haya yote yalitokea hapa Kampala, na mimi Owino nilikuwepo kwa macho yangu mawili na miwani juu yake. Asiyeamini aende Nateete akawaulize wafuma sweta.

Ilikuwa Jumatano, saa tano asubuhi. Nimekaa kwenye benchi la Dolphine Nabalayo nikingoja anitengenezee kiwiko cha sweta. Jua lilikuwa kali hadi vifungo vya shati langu vikaanza kulainika. Dolphine anasukuma mashine yake, anafuma sweta za shule, kijani na njano. Simu ikalia. Akaiweka spika kwa sababu mikono ilikuwa kwenye uzi.

— Sylvanus wangu, niko na kazi nyingi, sema haraka.

— Dolphine, una mtoto?

Mashine ikasimama.

— Umesema nini?

— Nimeuliza kama una mtoto. Mama amenipigia kutoka Busia analia. Anasema kanisa zima linajua, ni mimi peke yangu sijui.

— Linajua nini?

— Kwamba ulizaa, ukamwacha mtoto stendi ya teksi hapo Nateete, ndani ya boksi la sweta.

Dolphine akanitazama. Mimi nikatazama kiwiko.

— Sylvanus, hiyo ni hadithi. Niliitunga mwenyewe.

— Imeandikwa "mimi". "Mimi nilimfunika kwa sweta nikaondoka." Huyo mimi ni nani?

— Ni msichana wa kwenye hadithi.

— Anafuma sweta Nateete, kama wewe.

— Naandika ninachokijua.

— Hicho ndicho kinaniogopesha.

Simu ikakatika.

Kanisa letu liko barabara ya kwenda Ggaba, ibada ya Kiswahili, Wakenya na Wakongomani. Kwetu watu hawaoani mpaka majina yao yasomwe Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye pingamizi aseme. Tangazo la kwanza lilipita. La pili lilipita kwa vigelegele. La tatu lilikuwa Jumapili hiyo inayokuja, na kwetu jina likikwama tangazo la tatu, limekwama. Wachumba wa hivyo nimeona wakihama mji.

Jambo lingine ni kwamba Dolphine anasema Mungu amemwita aandike. Si mahubiri, si nyimbo, bali hadithi za kubuni. Huziandika nyuma ya daftari la oda, kisha anazichapa kwenye simu. Mimi mzee niliyejifundisha kusoma kwa vibandiko vya mizigo ya reli, nilikuwa msomaji wake tangu mwanzo.

Na sasa niwaambie kitu ambacho siku ile sikumwambia. Alinitumia hadithi ile kwenye simu, juu yake imeandikwa "Hadithi ya kubuni". Nikafuta hayo maneno. Nikaandika "Kweli tupu, nilishuhudia", nikatia chumvi kidogo katikati, nikamtumia rafiki yangu wa Kawempe. Mmoja tu. Baada ya siku mbili ikarudi yenyewe kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, imepita mikono mingi hata haina mwenyewe.

Ndiyo maana nilitazama kiwiko.

Saa kumi jioni Sylvanus Oyugi akaja. Anauza spea za magari Kawempe, na kanisani ndiye mpiga kinanda. Kiwiko changu kilikuwa tayari tangu saa sita. Sikuondoka.

— Mzee, umeshindaje.

— Nimeshinda tu, mwanangu.

Hakukaa. Alisimama mbele ya mashine ya Dolphine.

— Niambie ukweli. Kama yupo nitamlea. Lakini usinifiche.

— Hayupo.

— Basi tumalize. Waambie hutaandika tena. Mama atatulia, Mchungaji atasoma majina yetu.

— Na aliyeniambia niandike nimwambie nini?

— Una hakika alikuwa Mungu? Ilikuwa siku ya tatu ya kufunga, Dolphine. Labda ilikuwa njaa.

— Njaa ninayo hata sasa na haijaniambia kitu.

Nilicheka. Hakuna aliyenisaidia kucheka.

— Sikiliza, Dolphine akasema, na sauti ilikuwa chini. Kuna msichana, mteja wangu. Nilimtumia hadithi hii kabla ya watu wote. Alinijibu. Alikuwa ameshamvika mtoto nguo za safari, anakwenda kumwacha. Akasoma, akamvua mtoto zile nguo, akabaki nyumbani.

— Nionyeshe huo ujumbe.

— Hapana.

— Mimi ni mchumba wako.

— Ni siri yake. Nikiionyesha ili nipate kuolewa, nitakuwa nimemwacha stendi mimi mwenyewe.

Simu ya Sylvanus ikatetemeka. Akasoma kwa sauti, nadhani hata hakujua anasoma kwa sauti: "Sylvanus, wale ng'ombe wawili wa kupeleka kwao Dolphine nimewarudisha malishoni. Wazee wa kanisa wakae kwanza. Mama yako Nerima."

Dolphine alikuwa anazungusha uzi kwenye kidole mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe.

— Nipe daftari, Sylvanus akasema.

— La oda?

— Lile. Nisome ulichoandika wewe kwa mkono wako, si hiki kilichokuja kwenye simu.

Akalichukua akaondoka nalo. Nikalipa kiwiko changu nikaondoka bila kungoja chenji.

Jumamosi saa tisa alasiri tukaitwa ofisi ya kanisa. Meza moja, waamuzi watatu. Mchungaji Julienne, Mkongomani wa Bukavu. Mama Nabangala, mkuu wa kina mama. Wa tatu nilikuwa mimi, maana na mimi ni mzee wa kanisa, na kukataa kungewafanya waulize kwa nini.

Dolphine alikaa mbele yetu amevaa kitambaa cha ibada. Sylvanus alisimama karibu na mlango, daftari kwapani.

— Binti, Mchungaji akaanza, mambo haya ni kweli ao ni uongo?

— Si kweli, Mchungaji. Na si uongo. Ni hadithi.

— Usituzungushe, Mama Nabangala akasema. Kama ni kweli, ulitupa mtoto. Kama si kweli, umenidanganya mimi. Nilifunga siku mbili kumwombea huyo mtoto. Siku mbili, na vidonda vyangu vya tumbo. Kumbe nilimfungia mtu ambaye hayupo?

— Nisamehe, mama.

— Chakula changu atanirudishia nani?

— Mama, Yesu alisimulia habari za kijana aliyemaliza urithi akaishia kulisha nguruwe. Kuna mtu alikwenda kuulizia kwa baba yake?

— Yesu alikuwa Yesu. Wewe ni fundi wa sweta.

— Na yeye alikuwa fundi.

Mchungaji alishika mdomo kwa leso kama anayekohoa. Kisha akanigeukia.

— Mzee Owino, leo umenyamaza. Wewe unaona namna gani?

— Naona joto ni jingi, nikasema. Tufungue dirisha.

Dirisha lilikuwa wazi.

Mchungaji akakunja leso yake mara mbili.

— Dolphine, kesho utasimama mbele ya kanisa. Utasema umeacha mambo ya hadithi. Halafu nitasoma tangazo. Ukikataa, sisomi.

Dolphine akavuta kiti chake karibu na meza.

— Mchungaji, nataka kuolewa na Sylvanus. Nimengoja miaka mitatu, silali vizuri tangu Jumatano, jana nimefuma sweta yenye mikono mitatu. Lakini siwezi kutubu kazi niliyotumwa. Sitasimama.

Nje watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanafanya mazoezi ya wimbo, wanakosea palepale kila mara.

— Basi na mimi kesho sitakaa kwenye kinanda, Sylvanus akasema mlangoni. Mtafute mtu. Kama jina lake halisomwi, langu mnalisoma na la nani?

— Sylvanus, Dolphine akasema, mama yako.

— Mama nitazungumza naye. Lakini kabla hatujatoka, wazee wangu, naomba msikilize.

Akaweka daftari mezani, na simu kando yake.

— Hadithi ya daftarini nimeisoma mara tisa. Sasa namjua anavyoandika. Sentensi zake ni fupi, na akifika mahali pa kuumiza hasemi kitu, anapita. Hapa juu ameandika "Hadithi ya kubuni". Kwenye simu imeandikwa "Kweli tupu, nilishuhudia". Halafu kwenye simu kuna hii: "Mtoto alizaliwa na meno sita, akamuuma mkunga kidole, na mkunga akaacha kazi siku hiyohiyo akaenda kulima mahindi Masindi." Kwenye daftari hakuna.

— Hiyo ya meno mimi niliiamini, Mama Nabangala akasema.

— Tuliiamini sote, Mchungaji akasema. Hapa kwetu watu wameshuhudia makubwa kuliko hayo.

— Dolphine hawezi kuandika hivyo, Sylvanus akasema. Hata akiwa na homa.

Mama Nabangala alikuwa ameinua kidole.

— Ngojeni. Mkunga wa Masindi. Hii niliisikia kwenye matanga ya shemeji yangu. Aliyeisimulia alisema huyo mtoto wa meno ni yeye mwenyewe.

Akageuza kichwa polepole. Mchungaji naye akageuza. Nilitamani kutoka kwa dirisha, lakini nina miaka sabini na moja na kulikuwa na mfereji chini.

— Baba Owino, Dolphine akasema. Niliwatumia watu wawili tu. Mmoja hana mkunga Masindi.

— Nilitaka isomwe, binti yangu. Ukiwaambia watu ni ya kubuni hawaifungui.

— Wakaifungua. Na mimi nikakaa siku nne sina mchumba.

— Mchumba ulikuwa naye, Sylvanus akasema. Akili ndiyo hakuwa nayo. Nisamehe, Dolphine. Ilifaa niulize daftari kabla ya kuuliza mtoto.

— Kweli umeisoma mara tisa?

— Pale anapomfunika kwa sweta nilitoka nje ya duka nikapenga kamasi barabarani, wateja wananitazama. Wewe andika. Ukiwa unaandika, chakula nitapika mimi.

— Hujui kupika.

— Nitakula mkate.

Dolphine alicheka huku anajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha ibada, na Mchungaji Julienne akafungua kitabu cha matangazo akatafuta kalamu.

Jumapili nilisimama mimi, si yeye. Nikasema yote mbele ya watu elfu nne. Dolphine, ambaye anasoma haya ninavyoandika, anasema niandike tisini. Haya, tisini. Tangazo la tatu likasomwa, hakuna aliyepinga, na jioni Mama Nerima akatuma ujumbe kwamba ng'ombe wameshatoka malishoni.

Lakini Mama Nabangala hakuwa amesahau zile siku zake mbili za njaa. Akasema malipo yangu ni kumenya matoke ya harusi, zile ndizi mbichi za kupika, mikungu kumi na minne, peke yangu, na mwanamke yeyote akinisaidia ataongezwa yake.

Kwa hiyo siku ya harusi nilikuwa nyuma ya kanisa, nimekaa kwenye majani ya migomba na kisu, katikati ya kina mama. Utomvu ulinigeuza vidole vyeusi kama nimechukuliwa alama za vidole mara mia. Kila nikifungua mdomo kusimulia, walisema: "Menya, mzee." Kinanda kilipolia ndani nikajua Dolphine anaingia. Vigelegele vilipopanda nikajua pete imevalishwa. Sikuona hata moja, na naandika kuwa sikuona.

Mama Nabangala akaja na gauni lake la sherehe, akaanza kuhesabu.

— Mzee, mikungu ilikuwa mingapi?

— Kumi na mitatu, mama.

— Simama kidogo.

Nikasimama. Akainua yale majani niliyokalia, na mkungu wa kumi na nne ukawa pale chini, kijani, wote mzima.

Akaniangalia. Nikaketi, nikachukua kisu.