Aliyejibu Kwenye Redio Hakuwa Mume Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na minne. Ni mjane, na ni mama wa mtoto mmoja ambaye siishi naye. Ninaandika haya katika chumba cha kupanga hapa Nyeri. Wasomaji wenzangu, nisikilizeni kwanza, mnihukumu baadaye...

Nilikuwa na kazi niliyoipenda sana katika kiwanja kidogo cha ndege karibu na Mweiga, mahali watalii hushukia. Pale hakuna mnara wa kuongozea ndege. Kulikuwa na mimi tu, kibanda cha mabati na redio ya mkononi. Nilitazama njia ya kutua na kumweleza rubani kama iko wazi, au kama ng'ombe wa majirani wamevunja ua tena.

Mume wangu, Gitonga, alikuwa rubani wa ndege ndogo kutoka Nanyuki. Jamani, sauti yake redioni ilinishibisha kuliko chakula!

Kanuni ilisema rubani akipewa maagizo ayarudie yote na ajitaje, ndipo uamini amesikia. Lakini sisi tulikuwa tumezoeana. Marubani wetu walibonyeza tu kitufe cha redio mara mbili, kwa-kwa, nami nikajua ujumbe umefika. Nani angepoteza muda kurudia maneno kama mtoto wa chekechea?

Alasiri moja mvua ilikuwa imenyesha na mawingu yalikuwa chini. Ng'ombe wakaingia. Niliyekuwa namngoja ni Gitonga peke yake, kwa hiyo hata sikutaja ndege yake. Nilisema tu asitue, azunguke kwanza, kuna ng'ombe njiani. Kwa-kwa... nikajibiwa. Nikatia redio mfukoni, nikachukua fimbo, nikakimbia.

Nilikuwa katikati ya ng'ombe niliposikia injini juu yangu. Ndege ilichomoka ndani ya wingu, chini mno. Alijaribu kuinuka, Gitonga wangu, alijaribu! Gurudumu likamkumba ng'ombe, ndege ikapinduka hadi kwenye shamba la viazi. Nilimtoa kwa mikono hii yangu. Alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Wachunguzi walisema redio yake ilikuwa bado kwenye masafa ya waongozaji wa kule alikotoka. Hakunisikia kabisa. Basi ni nani aliyenijibu? Niliapa kwamba nilijibiwa, lakini hakuna aliyeniamini. Wakasema natunga hadithi ili nijiokoe. Nikafutwa kazi.

Hayo yote ningeyavumilia... Lakini mama mkwe alisimama mbele ya waombolezaji akasema hawezi kumwachia mjukuu wake mwanamke aliyemuua baba yake. Akamchukua Wanja wangu, ambaye alikuwa bado anajifunza kutembea, akaenda naye Kiriaini. Ndugu zangu wakatazama chini.

Mtu mmoja tu hakunitupa. Muriuki, rubani mwenzake Gitonga, ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele. Aliniletea unga, akaniletea mchele wa Mwea, akakaa akinisikiliza nikilia. Pole pole moyo wangu ukamwelekea. Je, mtanilaumu? Mwaka na nusu ukapita, tukapanga aende kwetu na wazee wake kuniposa.

Siku chache kabla ya safari hiyo alikuja kwangu, akaacha chai ipoe. Akasema hawezi kuingia bomani kwa baba yangu akiwa na jambo lile moyoni. Siku ya ajali alikuwa hewani nyuma ya Gitonga, akija kuchukua wageni bila kutupa taarifa. Aliponisikia, akadhani nasema naye. Akabonyeza, akazunguka. Kupitia mwanya wa mawingu akaiona ndege ya rafiki yake imelala shambani... akageuza, akarudi Nanyuki, akanyamaza.

"Mama Wanja, ni mimi nilijibu," alisema. "Niliogopa. Wangeninyang'anya license."

Sikupiga kelele. Nilimwomba kitu kimoja: twende Kiriaini amweleze mama mkwe, ili nirudishiwe mtoto wangu. Alikubali huku akilia. Kesho yake simu yake ilikuwa imezimwa. Baadaye nikaambiwa amepata kazi nje ya nchi.

Nikaenda peke yangu. Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho, lakini mlangoni, bila kunikaribisha ndani.

"Na huyo mtu ako wapi?" akauliza. "Mlete aniambie yeye mwenyewe. Maneno yako nilisikia kitambo."

Wanja alikuwa nyuma yake, ameshika sketi yake. Alinitazama, kisha akamwuliza nyanya yake, "Cucu, huyu ni nani?"

Ndugu zangu, kama kazi yako ni kusema na mtu usiyemwona, mtaje, na usiondoke hapo mpaka akujibu kwa maneno. Mimi mazoea yalinifanya mjane. Nawe unayeficha ukweli unaoweza kumwokoa mwenzako, usimpelekee unga, nakuomba! Nenda ukauseme leo, mbele ya wale wanaomshtaki, kabla mtoto wake hajaisahau sura yake.