Aliyepeleka Chakula Kambini

"Kaka, umekalia vitunguu vyangu."

Naftali akaruka. Stendi ya Manyoni ilikuwa imefurika, basi la timu limesimama ili wachezaji wapate chakula, na beki huyu mrefu mwenye suti ya mazoezi alikuwa amegeuza gunia la watu kiti.

"Samahani, dada. Nivinunue vyote basi."

"Haviuzwi, ni vya nyumbani. Nunua kiti."

Alivaa gauni la kitenge cha kijani, na kicheko chake kilimpotezea Naftali hamu ya kula. Aliitwa Aneth, wa Singida mjini. Basi lilipopiga honi, namba yake ilikuwa imeshaingia kwenye simu ya Naftali.

Wakapendana kwa siri. Baba yake Aneth, Mzee Hezekia, alikuwa mzee wa kanisa, na kwake binti hapeleki chakula kwa mwanamume ambaye wazee wake hawajaja kuposa. Timu ilipoweka kambi Singida, Aneth alipika kuku Jumapili, akamtuma mdogo wake Janeth, wa kidato cha tatu, apeleke hotpoti hotelini.

Alhamisi picha ikasambaa: Janeth na sare ya shule mlangoni mwa hoteli, katikati ya wachezaji, Naftali akimnong'oneza. Mitandao ikaandika, "Mwanafunzi anaswa kambini." Shule ikamwambia Janeth abaki nyumbani, klabu ikamwondoa Naftali kikosini. Aneth aliitazama ile picha. Sare ilionyesha ni siku ya shule, na Alhamisi hiyo hakuwa amemtuma mtu. Akapiga simu.

"Naftali, mdogo wangu alifuata nini kwako?"

"Unaniuliza hivyo wewe, Aneth?"

"Kama huna kosa, mbona waandishi huwajibu?"

"Nikisema alileta chakula, wataniuliza cha nani. Uliniapisha nisikutaje. Muulize Janeth mwenyewe. Akisema nimemkosea, usinipigie tena."

Simu ikakatika.

Janeth alikuwa kitandani, macho yamevimba. Akaivuta hotpoti kutoka uvunguni. Ilijaa asali.

"Nilifuata hii. Kwao Kintinku chombo hakirudishwi kitupu, akangoja mama yake alete asali, akaniambia niipitie Alhamisi nikitoka shule. Akaninong'oneza nimpe mama yetu, nimwambie wazee wake wanakuja."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema baba akijua umekwisha. Mitandaoni wananiita majina nisiyoweza hata kuyatamka, dada. Nikanyamaza kwa ajili yako."

Aneth akaichukua hotpoti. Akaenda sebuleni, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Shikamoo, baba. Chakula kilikuwa changu. Mimi ndiye niliyemtuma Janeth."

Mzee Hezekia alimwashiria asimame. "Hilo la mwanamume tutaliongea. Mtoto ametukanwa siku mbili, wewe unalinda jina lako?"

Asubuhi Aneth alikwenda redioni na hotpoti mkononi, akasema yote, jina lake likiwa la kwanza. Mchana shule ikampigia baba, Janeth arudi darasani Jumatatu. Jioni Naftali akapiga.

"Umenitangaza mkoa mzima, mpenzi."

"Nisamehe. Nilikushuku."

"Iliniuma. Lakini nimerudishwa kikosini, na nakupenda. Wazee waje Jumapili?"

"Waje. Baba amekubali kuwasikiliza."

"Na Janeth anasemaje?"

Aneth akatazama uani. Mdogo wake alikuwa anaipiga pasi sare yake. Aliinua macho, akamwona dada yake, akahamia upande wa pili wa meza na kumpa mgongo.

"Janeth bado haongei na mimi," alisema Aneth.